Funga kwanza kwa saa za njiani: maswali yenu kuhusu safari ndefu na watoto wadogo

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya begi la mtoto njiani, nikasema inatosha, kumbe nimefungua mlango. Maswali yamekuja mengi na mengine yamenigusa sana maana nimeyapitia mwenyewe. Nimechagua manane, yaliyofanana nimeyaunganisha, twende.

Dada habari za kazi. Nina watoto wawili, mmoja ana miaka 3 na mdogo ana miezi 10, tunasafiri kwa basi kama saa 14 hivi na baba yao anatangulia kwahiyo ntakuwa peke yangu. Mara ya mwisho nilibeba mabegi manne lakini kila nikitaka kitu sikioni, mtoto analia, nafungua hili nafungua lile, watu wananiangalia mpaka na mimi nikalia. Nibebe nini jamani na nipunguze nini? – Mama wa Wawili

Mama wa Wawili pole sana mdogo wangu, hiyo ya kufungua mabegi huku mmoja analia na mwingine anakuvuta nguo naijua kabisa. Ila mimi naona shida yako haikuwa wingi wa vitu, shida ni kwamba vitu vya njiani na vitu vya huko unakokwenda ulivifunga pamoja. Ukishafika kuna maji, kuna pa kuanika, kuna mtu wa kukushikia mtoto, na ukikosa kitu utakitafuta. Ndani ya basi una siti yako na mikono miwili, na mmoja tayari umeshika mtoto. Kwahiyo sahau kwanza siku utakazokaa huko, anza na hizo saa 14. Chukua begi moja la mgongoni lenye mifuko ya pembeni, hilo ndo la njiani na linakaa miguuni kwako, haliendi kwenye buti wala kwenye keria hata konda akikuomba vipi.

Nakwambia hivyo kwa sababu mimi niliwahi kuliachia. Mwanangu alikuwa na mwaka na nusu, basi lilikuwa limejaa, nikaambiwa mama hilo begi tukuwekee chini upate nafasi ya miguu, nikaona wananisaidia nikatoa. Saa mbili baadaye mtoto kaharisha, imepita kwenye pampasi ikaja mpaka kwenye gauni langu, na kituo kinachofuata kilikuwa mbali bado. Nilimfunga kwa mtandio wangu na nikakaa na gauni lile vile vile mpaka tulipofika. Tangu siku hiyo kuna vitu viwili siachi, begi la njiani halitoki miguuni, na ndani yake kuna blauzi yangu ya kubadili. Wazazi wengi wanakumbuka nguo za mtoto wanajisahau wenyewe, wakati kile kinachomwagika kwa mtoto aliyepakatwa kinamwagikia aliyempakata.

Sasa kuhusu idadi. Pampasi mimi nahesabu moja kwa kila saa mbili kwa mtoto wa chini ya mwaka, alafu naongeza nusu ya hiyo hesabu. Kwahiyo saa 14 ni pampasi 7, na nusu yake weka 4, jumla 11. Utaona nyingi lakini basi likiharibika njiani au mkakuta barabara imefungwa hizo 4 ndo zitakazokuokoa. Kama zitabaki si utazitumia ukifika. Waipsi beba paketi moja nzima na nyingine ndogo, maana waipsi hazifuti mtoto tu, zinafuta siti, mikono, dirisha, na chupa iliyoanguka. Lakini mtoto akila kwa mikono baada ya kutoka chooni waipsi hazitoshi, kuwe na kipande cha sabuni na chupa ya maji ya kunawa, vijidudu vya kuharisha vinatolewa vizuri na maji na sabuni.

Nguo usizipange kwa aina, yaani mashati huku suruali kule soksi pale, hapana. Zipange kwa seti. Chukua mfuko wa plastiki wa zipu, weka blauzi, suruali, soksi na chupi au pampasi moja, toa hewa, funga, andika jina la mtoto juu. Seti mbili kwa mkubwa na tatu kwa mdogo. Ukitaka kumbadili unachomoa mfuko mmoja tu kwa mkono mmoja bila kupekua, na zile nguo chafu zinarudi ndani ya mfuko ule ule, zipu inafungwa, harufu inabaki humo. Hili peke yake lingekuokoa kile kilio.

Vya juu kabisa kwenye begi ni vile unavyovitumia kila saa, chupa za maji, kitu cha kutafuna, waipsi. Katikati ni seti za nguo na pampasi, chini kabisa ni akiba. Mifuko ya pembeni, mmoja ni wa dawa tu na mwingine ni wa karatasi na hela. Zoea hiyo mipangilio siku mbili kabla, jaribu hata ukiwa umefumba macho, maana usiku taa za basi zinazimwa na utatafuta kwa vidole.

Huyo wa miaka 3, kama ameacha pampasi hivi karibuni mimi ningemvalisha moja kwa safari hiyo tu. Wapo watakaokwambia unamrudisha nyuma, sikubaliani nao, mtoto wa umri huo akibanwa hawezi kusubiri kituo na kumuacha ajilowanishe mbele ya watu kunamuumiza zaidi. Mwambie ni nguo ya safari, mkifika anaivua. Na beba poti ndogo kama nafasi ipo.

Cha kupunguza ni vyombo, sahani za nini, kijiko kimoja na kikombe chenye mfuniko kwa kila mtoto basi. Viatu vya akiba acha. Mablanketi mazito acha, beba shuka moja jepesi kubwa, hilo ni blanketi, ni pazia la kunyonyeshea, ni kitu cha kutandika mtoto akalala, ni kivuli cha dirishani, na likilowa linakauka haraka.

Mimi ni baba, naenda kumpeleka mtoto kwa mama yake aliyeko nje kikazi, mtoto ana miezi 8, tutakaa kwenye ndege saa 9 na ndo mara yangu ya kwanza kukaa naye peke yangu muda mrefu hivyo. Anatumia maziwa ya kopo. Nimesikia maji hayaruhusiwi kwenye ndege sasa maziwa yake itakuwaje? Na masikio je? – Baba K.

Kaka hongera, na usiogope, miezi 8 bado anapenda kubebwa na hajaanza kukimbia kwenye ujia wa ndege, kwa hilo una afadhali.

Hiyo habari ya maji ni kweli na ilianza mwaka 2006, baada ya polisi wa Uingereza kuzima mpango wa kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji. Tangu hapo viwanja vingi vikaweka kwamba kila chupa ya kitu cha majimaji kwenye begi la mkononi isizidi mililita 100, na zote ziingie kwenye mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha wa lita moja. Viwanja vingine vimeshaanza kulegeza kwa sababu ya mashine mpya lakini usitegemee hilo, na kama unaunganisha ndege fuata sheria ya kile kiwanja kikali zaidi. Maziwa na chakula cha mtoto kwa kawaida vinaruhusiwa kuzidi hapo ilimradi ni kiasi cha kutosha safari na mtoto mwenyewe yupo. Cha kufanya ni kuvitoa mapema kabla hujaulizwa, useme hivi ni vya mtoto, wanaweza kuvipima au kukuomba ufungue. Viweke kwenye mfuko wake pembeni usije ukaanza kumwaga begi zima pale foleni.

Kuhusu kuchanganya, kuna jambo naomba ulishike. Unga wa maziwa ya kopo hauuliwi vijidudu vyote kiwandani, ndo maana Shirika la Afya Duniani linasema uchanganywe na maji ya moto yasiyopungua nyuzi 70 alafu upooze ndo umpe mtoto. Wengi tunachanganya na maji ya uvuguvugu ili tuwahi, hiyo si sawa. Kwahiyo beba unga umeshaupima, kila mlo kwenye kikopo chake kisafi kikavu, na chupa safi tupu kwa idadi ya milo, usitegemee kuosha chupa kwenye sinki la choo cha ndege. Maji ya moto waombe wahudumu, wachanganyie wao au wewe ukiwa umesimama kule nyuma, usichanganye maji ya moto ukiwa umempakata. Maziwa yakishachanganywa yasikae nje zaidi ya saa 2, na mtoto akishaweka mdomo yasizidi saa 1, kilichobaki mwaga hata kama kinauma. Kama yale maziwa yake yanapatikana pia yaliyokwisha kuchanganywa kwenye chupa ndogo zilizofungwa kiwandani, kwa safari hii moja nunua hayo, mjaribishe nyumbani wiki moja kabla uone kama tumbo lake linayakubali.

Wanaokamua maziwa ya mama na wamebeba kwenye kimfuko cha baridi, nimeulizwa pia, yaliyokamuliwa sasa hivi yanakaa mpaka saa 4 kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25, na kwenye kimfuko chenye barafu ya kutosha yanafika saa 24.

Masikio yanauma kwa sababu mgandamizo wa hewa ndani ya ndege unabadilika na kile kimrija kinachounganisha sikio na koo kwa mtoto ni chembamba, hakifunguki upesi. Kumeza ndo kunakifungua. Kwahiyo anyonye chupa au nyonyo wakati wa kupaa na hasa wakati wa kushuka. Watu wanakosea hapo, wanasubiri magurudumu yakaribie chini, wakati ndege inaanza kushuka kama nusu saa kabla ya kutua, mtoto ameshalia kitambo. Bakiza mlo mmoja kwa ajili ya hiyo nusu saa, ukiona ameshiba na amelala wakati mnapaa usimwamshe. Ila kama ana mafua makali au sikio linamuuma muone daktari kabla ya kupanda.

Hewa ya ndani ya ndege ni kavu mno kwahiyo mafuta ya kupaka yawe kwenye kikopo kidogo na maziwa mpe mara kwa mara. Powabanki yako iende kwenye begi la mkononi, hairuhusiwi kwenye mzigo wa chini, na isizidi wati-saa 100, yaani kama mAh 27,000 hivi.

Karatasi sasa. Wewe ni baba unasafiri na mtoto bila mama yake, hata kama ni mtoto wako wa damu kuna mipaka watakuuliza. Beba cheti cha kuzaliwa na barua ya mama ya kukubali safari, iliyosainiwa na kugongwa muhuri wa wakili, yenye namba zake za simu, na kopi ya pasipoti yake. Kadi ya chanjo ya mtoto beba ya asili na uipige picha. Homa ya manjano chanjo yake kwa kawaida inaanza miezi 9 na nchi nyingi haziwadai walio chini ya hapo, lakini angalia masharti ya nchi unayokwenda na unayopitia. Wewe mwenyewe cheti chako kinaanza kutumika siku 10 baada ya kuchomwa kwahiyo usiende kuchanja siku ya mwisho, na kama ulishachanjwa miaka mingi nyuma bado kinafaa, tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha.

Mtoto wangu wa miaka 5 anatapika kila safari, hata saa moja tu ya gari. Tunatarajia safari ya siku mbili. Tablet ya katuni imeshindwa kumtuliza, nifanyeje? – Mama Safari

Dada hiyo tableti haijashindwa kumtuliza, inaweza kuwa ndo inamtapisha. Sikio la ndani linamwambia tunakwenda, macho yake yaliyoganda kwenye kioo yanamwambia tumesimama, mwili unachanganyikiwa unatapika. Watoto wa kuanzia kama miaka 2 mpaka 12 ndo wanaosumbuliwa zaidi na hili. Ifungie kwenye begi la chini, akae sehemu anayoona mbele au mbali nje ya dirisha, vitabu na kuchora pia hapana. Mpe vya kusikiliza, hadithi, nyimbo, mchezo wa kuhesabu magari mekundu.

Kabla ya safari ale kidogo kitu kikavu, asisafiri na tumbo tupu wala lililojaa, na mafuta mafuta aache. Hewa iingie. Simameni kila saa mbili, hata asiyetapika anahitaji. Kwenye begi tenga mfuko wa kutapika peke yake na ukae mkononi: mifuko minne mitano isiyotoboka, taulo dogo, maji ya kusukutua, seti ya nguo, na mfuko mkubwa wa kufungia uchafu. Mfundishe mwenyewe kuufungua mfuko na kuushika, watoto wa miaka 5 wanaweza, na akijua kuwa anao mkononi wasiwasi unapungua, na wasiwasi nao unachangia kutapika. Dawa za kuzuia zipo ila dozi na umri akupangie daktari au mfamasia, na mpe nyumbani kwanza uone inavyomfanya.

Shangazi yangu anasema nimpe mtoto dawa ya mafua ile inayolaza ili alale njia nzima. Ana mwaka mmoja na miezi 4. Wengi wanafanya hivyo, ina madhara? – Mimi Mama J

Usimpe. Naomba hili niliseme bila kuzunguka. Dawa hizo zinazolaza, hasa zenye promethazini, hazitakiwi kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2, zimeshasababisha watoto kupumua kwa shida mpaka kufa, na Marekani iliweka onyo zito kwenye dawa hiyo mwaka 2004 kwa sababu hiyo. Watoto wengine zinawageuza, badala ya kulala wanachachamaa. Na aliyelazwa na dawa usiku ndani ya gari lenye giza utajuaje kama anapumua vizuri? Shangazi yako ana nia njema na pengine amewahi kufanya ikapita salama, mheshimu, mwitikie, ila usimpe.

Alale kwa yale anayolala nayo nyumbani. Kama ana shuka lake au mto wake mdogo beba na usilifue kabla ya safari, liwe na harufu ya nyumbani. Saa yake ya kulala ikifika fanya kila kitu kama kawaida, mfute uso, mbadilishe nguo ya kulalia hata kama mko kwenye siti, mwimbie. Kwa umri wake ndo unavyomwambia kuwa sasa ni usiku.

Begi la dawa liwe na nini? Huwa nabeba dawa nyingi mpaka naogopa. – Mama wa Watatu

Punguza. Mimi nabeba hizi: parasetamo ya maji ya watoto, sirinji yake ya kupimia, kipimajoto, ORS (ile chumvi ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha) paketi nne, zinki, plasta, dawa ya kusafishia kidonda, mkasi mdogo ambao kwa ndege unakwenda mzigo wa chini, na dawa yoyote ambayo mtoto anatumia kila siku.

Parasetamo inapimwa kwa uzito wa mtoto, miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 mpaka 6, isizidi mara 4 kwa siku nzima. Kwahiyo mtoto wa kilo 10 ni miligramu 100 mpaka 150. Chupa zinatofautiana nguvu, soma lebo, na wapime watoto uzito wiki ya safari uandike kwenye karatasi uibandike kwenye chupa, usiku na homa hakuna anayekumbuka hesabu. Mtoto wa chini ya miezi 3 akipata homa usimpe ukanyamaza, tafuta hospitali. Aspirini usiwape watoto kabisa, inahusishwa na ugonjwa hatari unaoshambulia ubongo na ini.

ORS kuna kitu wengi tunakisahau. Paketi nyingi zimetengenezwa kwa lita moja kamili, sasa uko njiani umebeba paketi lakini hiyo lita utaipimia nini? Ukiweka maji pungufu chumvi inakuwa kali na inaweza kumdhuru mtoto, ukizidisha haifanyi kazi vizuri. Kwahiyo pamoja na paketi beba chupa ya lita moja iliyoandikwa, soma na paketi yenyewe ina maelezo gani, na usigawanye paketi kwa kukisia. Ikishachanganywa ikizidi saa 24 mwaga. Zinki kwa mtoto anayeharisha ni miligramu 20 kwa siku, walio chini ya miezi 6 ni 10, kwa siku 10 mpaka 14, hata kama kuharisha kumekata. Na mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya hahitaji maji ya kunywa hata kukiwa na joto, mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Dawa za kila siku zibaki kwenye chupa zake zenye jina la mtoto, ziwe za siku kadhaa zaidi ya safari, na zisiende kwenye mzigo wa chini kamwe, mabegi yanapotea.

Mbu pia. Chandarua cha mtoto kinachokunjwa kinachukua nafasi ndogo. Dawa za kupaka zenye DEET zisipakwe kwa mtoto wa chini ya miezi 2, na kwa wengine usipake viganjani maana wanaweka mdomoni.

Shikamoo ni kwangu mimi, maana nadhani umri wangu unakuzidi. Mjukuu wangu ana miaka 4, nasafiri naye kumrudisha kwa wazazi wake. Ameng'ang'ania abebe wanasesere wake wote. Namkatalia analia. – Bibi

Shikamoo bibi. Usimkatalie na usimkubalie yote. Mpe begi lake dogo la mgongoni, mwambie kinachoingia humo na zipu ikafunga ndo kinasafiri, achague mwenyewe, kisha atembee nalo nyumba nzima mara kadhaa. Akichoka atapunguza mwenyewe, na hapo uamuzi unakuwa wake hajanyang'anywa. Usiku mmoja kabla tazama ndani utoe vyenye kelele na vyenye vipande vidogo, vinamwagika chini ya siti na wewe bibi hutakiwi kuinama kuvitafuta. Yule mwanasesere wa kulala naye asiwe kwenye begi la mtoto, mbebe wewe, akimsahau kituoni huo msiba hautapozwa na kitu chochote.

Kwa siri beba vitu vitatu vinne ambavyo hajaviona, sio lazima viwe vipya, penseli za rangi, kidaftari, stika. Toa kimoja kila baada ya saa mbili, usitoe vyote asubuhi.

Tunasafiri wiki mbili kwa gari letu, watoto wawili, miaka 2 na miezi 7. Mke wangu anafunga nyumba nzima, nikisema anasema sijui kitu. Nisaidie kumwambia. – Baba wa Nyumba

Kaka mimi siwezi kumwambia kwa sababu pengine ni kweli anajua zaidi. Anayefunga vingi mara nyingi ndiye ambaye kitu kikikosekana ataulizwa yeye. Ukitaka apunguze, chukua sehemu ya kazi. Sema dawa, maji na karatasi ni juu yangu kuanzia leo mpaka tunarudi, na kikikosekana ni kosa langu. Utaona begi linavyopungua.

Nguo za wiki mbili hazihitajiki, za siku tano na sabuni zinatosha, watoto wanafuliwa jioni asubuhi zimekauka. Zote ziwe za rangi zinazoendana ili shati lolote likubali suruali yoyote.

Lakini kuna vitu kwenye gari haviondolewi hata nafasi ikiisha, navyo ni viti vya watoto. Acheni begi, msiache viti. Wa miezi 7 kiti chake kinaangalia nyuma, kwa sababu gari likigonga mbele kichwa na shingo yake vinabebwa na mgongo wa kiti, huyo wa miaka 2 naye kama uzito na urefu wake bado uko ndani ya kipimo cha kiti chake abaki akiangalia nyuma. Kumpakata mtoto mbele hata ukiwa umefunga mkanda ni hatari, mgongano ukitokea hakuna mikono inayoweza kumshika. Kiti cha kuangalia nyuma kisiwekwe mbele ya puto la usalama (airbag) linalofanya kazi. Na mizigo mizito ikae chini kwenye buti, sio kwenye kile kibao cha nyuma ya vichwa vya watoto, breki moja kali chupa ya maji inaruka.

Kila saa mbili watoeni kwenye viti wajinyooshe.

Naogopa sana kupotezana na mwanangu kwenye stendi au uwanja wa ndege. Kuna kitu cha kubeba? – Mama E

Kipo cha bei ndogo kabisa, kalamu. Andika namba yako ya simu kwenye mkono wake upande wa ndani, na code ya nchi kama mnavuka mpaka, pitisha gundi ya plasta ya maji juu yake isifutike kama unayo. Jina lake usiliandike nje ya begi, mtu asiyemjua asije akamwita kwa jina akamwamini. Mvalishe rangi inayoonekana mbali. Mwambie ukiona sipo simama hapo hapo, usinitafute, mimi ndo ntakutafuta, wewe mwambie mama mwenye watoto aliye karibu.

Na asubuhi ya safari kabla hamjatoka mlangoni mpige picha na simu yako, mzima kuanzia kichwani mpaka viatu, mbele na nyuma. Mzazi aliyepaniki anaulizwa mtoto kavaa nini anashindwa kujibu, nimeona kwa macho yangu. Ukimbadilisha nguo njiani, mpige nyingine.